Rangi ya Moshi Kwenye Taa: Historia Fupi ya Mwanga Usio Wako

Ukitaka kulijua gari la kijana wa mjini siku hizi, usiangalie rimu peke yake. Zunguka nyuma, uangalie taa. Zikiwa nyeusi kama sufuria ya kuni, ujue mwenye gari amelipia tinti: plastiki nyembamba yenye rangi ya moshi inayopashwa joto kidogo ikalala juu ya lenzi, au rangi ya kopo inayopuliziwa mkono mmoja, mkono wa pili, wa tatu, mpaka wekundu unapotea. Gari linapata sura moja kuanzia bampa la mbele hadi la nyuma. Fundi anaridhika, mwenye gari anapiga picha, kazi imekwisha.

Ukimuuliza, jibu lake ni fupi: gari langu, taa zangu, pesa yangu. Na huwezi kumbishia kwa haraka. Kadi ya gari ina jina lake. Tena watu wamekuwa wakizitia rangi taa za vyombo vya usafiri kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, na mara nyingi waliofanya hivyo walikuwa wahandisi na serikali, si vijana wa mtaani. Kwa hiyo tinti peke yake haina dhambi. La kuuliza ni hili: rangi hiyo iliwekwa kwa ajili ya nani? Ya aliye ndani ya gari, au ya aliye nje? Ukiifuata historia ya taa kwa swali hilo moja, mambo yanajipanga yenyewe.

Wekundu ulitoka relini

Hakuna aliyekaa mezani siku moja akaamua kwamba gari liwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Magari yalirithi. Meli zilikuwa tayari zikitembea usiku na taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia, ili nahodha wa meli nyingine ajue inayomjia inaelekea wapi. Treni nazo zilining'iniza taa nyekundu kwenye behewa la mwisho, kumwambia dereva wa treni ya nyuma kwamba njia ina mtu.

Reli za Uingereza zilijifunza somo moja kwa uchungu. Katika karne ya 19 mpangilio wao wa ishara ulikuwa nyekundu kwa hatari, kijani kwa tahadhari, na nyeupe kwa njia iliyo wazi. Shida ni kwamba taa nyekundu ya wakati ule ilikuwa taa ya mafuta ya kawaida tu iliyofunikwa kwa kioo chekundu. Kioo kikivunjika, au kikianguka, mwanga unaobaki ni mweupe. Yaani ishara ya "simama, kuna hatari" inageuka yenyewe kuwa "pita, njia nyeupe". Hatimaye nyeupe ikaondolewa kwenye ishara za kuruhusu na kijani kikachukua nafasi yake. Kipande cha kioo kilikuwa na uwezo wa kubadilisha maana nzima ya ujumbe, na aliyekuwa akiusoma hakuwa na njia ya kujua kwamba umebadilika.

Magari ya mwanzo yalitembea na taa za mafuta, kisha za gesi ya asetilini iliyotengenezwa kwa kudondoshea maji juu ya kabidi. Mwaka 1912 Cadillac ilianza kuuza magari yenye taa za umeme na starta ya umeme kwa pamoja, na polepole wengine wakafuata. Lakini nguvu zote za ubunifu zilikwenda mbele. Nyuma palisahaulika. Hadi miaka ya 1930 magari mengi yalikuwa na taa moja tu ya nyuma, upande mmoja, na kazi yake kubwa ilikuwa kuangaza namba ya gari ili polisi waisome.

Inaeleweka. Taa ya mbele dereva anaiona ikifanya kazi. Ikififia, anahangaika usiku huohuo. Taa ya nyuma haioni kamwe. Ni ujumbe anaoutuma kwa mtu asiyemjua, na yeye mwenyewe hausomi. Ikizimika atatembea wiki nzima bila habari, labda mpaka asimamishwe au agongwe.

Manjano ya Wafaransa

Mwishoni mwa mwaka 1936 Ufaransa ilitoa amri ambayo mataifa mengine hayakuifuata: magari yote yatumie taa za mbele za rangi ya manjano. Ndani ya miaka michache nchi nzima ikawa na usiku wa rangi yake. Kwa zaidi ya nusu karne, ukiona taa mbili za manjano zinakuja barabarani Ulaya, ulijua hilo ni gari la Ufaransa. Ipo hadithi inayopendwa sana kwamba lengo lilikuwa kuyatambua magari yao wakati wa vita. Hoja iliyotolewa na wataalamu ilikuwa nyingine: kwamba ukiondoa bluu na zambarau kwenye mwanga mweupe, anayekutana nawe hapofuki sana, na ukungu hauleti mng'ao mbaya.

Je, ilifanya kazi? Kwa kiasi. Kichujio cha manjano hukata takriban asilimia 15 ya mwanga, na wachunguzi wa baadaye waliona kwamba huenda nafuu yote ilitoka hapo: taa haikupofusha kwa sababu ilikuwa hafifu, wala si kwa sababu ya umanjano wake. Waingereza waliokwenda likizo Ufaransa walizoea kupaka taa zao rangi ya manjano kabla ya kuvuka, kama adabu kwa wenyeji, kisha wakirudi nyumbani wanaifuta.

Mwaka 1993 Ufaransa iliacha. Magari mapya yakaruhusiwa kuwa na taa nyeupe kama za majirani wa Umoja wa Ulaya, na manjano yakabaki kwa wapenda magari ya zamani.

Huu nao ulikuwa tinti, tena tinti ya nchi nzima. Lakini angalia ulivyokuwa. Dereva Mfaransa alikubali kuona kidogo zaidi ili mwenzake anayekuja asipofuke. Sadaka ilitoka kwake, faida ikaenda kwa wa mbele. Na walibadilisha wote pamoja na kuacha wote pamoja, hivyo hakuna aliyebaki barabarani akijiuliza rangi hii maana yake nini.

Miezi ambayo Uingereza ilizima taa

Kama kuna mtu anataka kujua nini hutokea taa za magari zikitiwa giza, jaribio hilo limeshafanywa. Lilifanywa kwa nchi nzima, na hesabu yake ipo.

Tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani, serikali ya London iliamuru giza la usiku. Taa za barabarani zikazimwa. Madirisha yakafungwa kwa mapazia meusi. Magari nayo yakaingizwa humo: mwanzoni taa kubwa zilikatazwa kabisa, na taa ndogo zikafunikwa kwa karatasi ili zififie. Baadaye dereva aliruhusiwa taa kubwa moja, nayo ikavishwa kofia ya bati yenye nafasi nyembamba, mwanga ukadondoka chini barabarani mita chache mbele ya tairi. Sababu ilikuwa ya maana kabisa. Rubani wa ndege za adui asione mji ulipo.

Ndege zenyewe zilichelewa. London haikupigwa bomu mpaka Agosti 1940. Watu, hata hivyo, walianza kufa usiku wa kwanza. Septemba 1938 barabara za Uingereza zilikuwa zimeua watu 554. Septemba 1939, mwezi wa kwanza wa giza, ziliua 1,130. Mwaka 1938 kwa jumla walikufa watu 6,648. Mwaka 1939 wakafika 8,272. Mwaka 1940 walikuwa 8,609. Na mwaka 1941 wakawa 9,169. Hiyo ya 1941 ndiyo idadi kubwa kuliko zote katika historia ya barabara za nchi hiyo, na haijawahi kufikiwa tena, hata magari yalipoongezeka mara nyingi. Na kumbuka kwamba petroli ilikuwa ya mgawo. Magari yalikuwa yamepungua barabarani, vifo vikaongezeka.

Wengi wa waliokufa walikuwa waenda kwa miguu. Watu waliokuwa wanavuka kwenda kupanda basi, waliokuwa wanarudi kutoka kazini. Wilfred Trotter, daktari mpasuaji wa mfalme, aliandika kwa hasira katika jarida la madaktari mwaka huohuo 1939 kwamba adui ameweza kuwaua raia kwa mamia kila mwezi bila kurusha hata ndege moja.

Serikali ikaanza kutafuta dawa. Kingo za barabara zikapakwa chokaa. Mabampa ya magari yakapakwa rangi nyeupe. Watu wakaambiwa watembee na kitu cheupe mkononi, hata gazeti. Mfugaji mmoja alipata umaarufu kwa kuwapaka ng'ombe wake mistari myeupe ili wasigongwe. Februari 1940 mwendo wa usiku kwenye maeneo ya makazi ukashushwa hadi maili 20 kwa saa. Yaani, baada ya kuzitia giza taa, taifa zima lilitumia miaka likijaribu kurudisha ule mwanga kwa njia nyingine: kwa chokaa, kwa magazeti, kwa ng'ombe.

Simfananishi mwenye gari la tinti na taifa lililo vitani. Nafananisha macho. Jicho la mtu anayevuka barabara Dar es Salaam au Nakuru saa mbili usiku ni lilelile la mtu wa London wa 1939. Likikosa mwanga, linakosa.

Nukta ya bluu, taa ya tatu, na Altezza

Wakati Uingereza inalilia mwanga, Marekani kulikuwa na vijana waliokuwa wanaanza kuucheza. Kizazi cha kukarabati magari ya zamani na kuyashusha chini, kilichostawi hasa California baada ya vita, kilipenda urembo mdogo sana: nukta ya glasi ya bluu katikati ya taa nyekundu ya nyuma. Kwa mbali wekundu na ubluu vinachanganyika na taa inaonekana ya zambarau. Majimbo mengi yaliikataza. Askari hawakukataa kwamba inapendeza. Walichosema ni kwamba dereva wa nyuma amezoea kusoma wekundu, na usimpe kitendawili huku anakimbia.

Wakati huohuo wengine walikuwa wanaongeza mwanga. Mwaka 1974 mwanasaikolojia John Voevodsky alifunga taa ya tatu ya breki, iliyosimama juu ya zile mbili za kawaida, kwenye teksi 343 za San Francisco, akaziacha nyingine 160 bila taa hiyo. Baada ya miezi kumi, teksi zenye taa ya tatu zilikuwa zimegongwa kwa nyuma kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 60. Kuanzia magari ya mwaka 1986, sheria ya Marekani ikalazimisha taa ya tatu kwa magari madogo yote. Baadaye, kila gari lilipokuwa nayo na macho yakazoea, faida ilishuka. Serikali ya huko ilikadiria kwamba kwa muda mrefu inapunguza ajali za kugongwa nyuma kwa asilimia kama 4 hivi. Ni ndogo, lakini ukizidisha kwa mamilioni ya magari ni watu wengi waliofika nyumbani na shingo nzima.

Kisha ikaja 1998, na gari ambalo Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa. Toyota ilitoa Altezza. Taa zake za nyuma zilikuwa kitu kipya: kioo cheupe kisicho na rangi, na ndani yake taa nyekundu za duara zinaonekana waziwazi kama vito kwenye sanduku. Dunia ilichanganyikiwa. Wenye viwanda vidogo wakaanza kunakili mtindo huo kwa kila aina ya gari, mpaka neno Altezza likawa jina la taa badala ya jina la gari. Toyota yenyewe ilikuwa imefanya hesabu yake ya mwanga. Nakala nyingi hazikufanya. Nyingine zilikuja hata bila rifleksa. Ladha ikawa imehama: taa ya nyuma imegeuka pambo la kutazamwa gari likiwa limeegeshwa mchana. Kutoka kwenye taa nyeupe hadi kwenye taa ya rangi ya moshi ilikuwa hatua moja tu.

Hesabu ambayo fundi hakufanyii

Taa ya gari, kabla fundi hajaigusa, imeshapunguziwa mwanga. Kioo chekundu hukata sehemu kubwa ya mwanga wa balbu ili kiache wekundu tu upite. Mtengenezaji anajua hilo na ameweka balbu inayotosha kubaki juu ya kiwango. Kanuni za kimataifa zinazofuatwa Ulaya na kwingineko zinataka taa ndogo ya nyuma itoe angalau kandela 4, na taa ya breki angalau kandela 60. Pengo hilo kati ya 4 na 60 ndilo linalokuambia, ukiwa nyuma ya gari usiku, kama mwenzako anatembea au anasimama.

Sasa weka juu yake rangi nzito inayopitisha sehemu moja tu kati ya kumi. Kandela 60 za breki zinakuwa 6. Kwa jicho la mtu wa nyuma, hiyo sasa inakaribiana na taa ndogo ya gari la kawaida. Mwenzako amekanyaga breki kwa nguvu zote na wewe unaona gari linalotembea. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, unakula mita 22 kila sekunde. Nusu sekunde ya kujiuliza ni mita 11, karibu urefu wa basi. Na hapo nazungumzia usiku. Mchana wa jua la saa saba, taa hiyohiyo inapigana na jua, na jua halishindwi.

Kibaya zaidi ni rifleksa, ile sehemu ya taa isiyotumia umeme, inayorudisha mwanga wa gari linalokuja. Tinti inayopitisha nusu ya mwanga, ambayo wengi wataiita "nyepesi tu", kwenye rifleksa inafanya kazi mara mbili: mwanga unapunguzwa nusu ukiingia na nusu tena ukitoka. Kinachobaki ni robo. Ile nzito ya moja kwa kumi inabakiza moja kwa mia. Na rifleksa ina siku yake moja muhimu: siku betri imekufa, gari limezimika usiku kwenye kona, hakuna hazadi, hakuna chochote. Sisi tunaojua maana ya matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani tunajua siku hiyo inafananaje. Kipande hicho cha plastiki ndicho kinachobaki kukusemea, na tayari umekiziba mdomo.

Mbele ni hivyohivyo. Tinti kwenye taa kubwa inamnyima dereva nuru ya kumwona mtu aliyevaa nguo nyeusi pembeni mwa barabara. Rangi ya kupulizia ina ziada yake: ikikauka na mikwaruzo, inatawanya mwanga ovyo, hivyo dereva haoni mbali na anayekuja anapofuka.

Alama ndogo kwenye kioo

Ukiinama kwenye taa ya gari utaona herufi E ndani ya duara na namba pembeni. E1 ni Ujerumani, E2 ni Ufaransa, E11 ni Uingereza. Namba ni ya nchi iliyoipima taa hiyo maabara na kuithibitisha, kwa utaratibu uliotokana na makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1958. Alama hiyo inasema: taa hii, kama ilivyo, inatosha. Ukibandika kitu juu yake, aliyeithibitisha hayupo tena. Imekuwa taa nyingine isiyopimwa na mtu. Ndiyo maana katika ukaguzi wa lazima wa magari Uingereza, taa yenye kitu kinachopunguza mwanga wazi au kubadili rangi inafelishwa. Marekani nayo ina kiwango chake cha shirikisho, namba 108, tangu mwaka 1968.

Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 na Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, zote zinadai gari liwe na taa zinazofaa linapotembea usiku. Tatizo letu ni la kipimo. Askari aliyesimama juani anaona taa nyeusi, dereva anakanyaga breki, kitu chekundu kinawaka, mjadala unaanza: inaonekana, haionekani? Mjadala wa namna hiyo kwa kawaida anaushinda mwenye maneno mengi.

Wapo wanaosema kelele hizi ni chuki ya wazee kwa urembo wa vijana. Sikubali. Nganya za Nairobi zimejaa rangi, michoro na taa za ndani mpaka macho yanacheka, na mimi ni mmoja wa wanaozipenda. Mchoro wa nganya unaongeza kitu kwa tuliosimama kituoni. Tinti ya taa inatuondolea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba barabara ziliua watu milioni 1.19 mwaka 2021, na zaidi ya nusu ya wanaokufa hivyo duniani ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Waenda kwa miguu hawana taa ya kutia tinti. Wanategemea yako.

Kama tayari umebandika na unaamini yako ni nyepesi, usibishane na mimi. Chagua saa saba mchana, gari ulielekeze nyuma juani, tembea hatua mia moja, kisha geuka. Mwombe mtu akae kwenye usukani, awe anakanyaga breki na kuachia bila kukuambia lini. Hesabu umepatia mara ngapi. Rudia usiku, huku taa ndogo zimewashwa. Utahitaji mtu wa pili kwa zoezi hili, maana peke yako hutaweza kuiona taa hiyo ikifanya kazi.